Nani Anapima Tindikali? Kutoka Moa hadi Kahama

Mwezi Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa makinikia nje ya nchi. Miezi miwili baadaye kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikatoa taarifa kwamba dhahabu iliyomo katika makontena 277 yaliyozuiwa ilizidi mara kadhaa kiwango kilichotajwa katika nyaraka za kampuni. Kampuni ikakanusha. Yaliyofuata tunayakumbuka: kamati ya pili, sheria mpya za rasilimali, mazungumzo marefu, na hatimaye kuundwa kwa kampuni ya Twiga. Kinachosahaulika ni kwamba chanzo cha ugomvi wote ule kilikuwa kipimo. Pande mbili zilizungumzia mchanga uleule zikiwa na namba mbili, na raia wa kawaida hakuwa na njia ya kujua ipi imechotwa vizuri, ipi imepikwa.

Nimekirejea kisa hicho kwa sababu mjadala umehamia kwenye nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Makubaliano ya mwaka 2021 yaliipa Serikali asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya Tembo Nickel, na mpango uliotangazwa ni kuyasafisha madini hayo hapahapa nchini, Kahama, katika eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Kazi hiyo haitafanywa kwa tanuru, bali kwa kuyeyusha madini ndani ya maji yenye tindikali, katika mitungi iliyofungwa yenye joto na shinikizo. Tulipoujadili mpango huo darasani, wanafunzi walibishana kwa saa nzima juu ya hisa, kodi na ajira. Kisha binti mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza: “Mwalimu, kama mtungi umefungwa na una joto kuliko maji yanayochemka, hiyo tindikali iliyomo ndani wanaipimaje?”

Sikuwa na jibu. Mimi nafundisha historia ya uchumi, na kemia niliiacha kidato cha nne bila majonzi. Nikaenda kwa mwenzangu wa idara ya kemia, naye akacheka kidogo kabla ya kunijibu kwamba kwa sehemu kubwa ya historia ya viwanda hivyo, hakuna aliyekuwa akiipima mahali ilipo. Walipima kitu kingine, kisha wakakadiria. Majuma kadhaa nimekuwa nikisoma juu ya jambo hilo, na nimeridhika kwamba ni suala la kisiasa kuliko nilivyodhani.

Kipimo cha pH, ambacho kila mwanafunzi wa sekondari amekisikia, kilizaliwa katika nyumba ya bia. Mwaka 1909 Søren Sørensen, mkemia wa Maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alikuwa akichunguza vimeng'enya, na akahitaji namna rahisi ya kueleza wingi wa ioni za haidrojeni katika mmumunyo. Mwaka huohuo Fritz Haber na Zygmunt Klemensiewicz walionyesha kwamba utando mwembamba wa kioo, ukitenganisha mimumunyo miwili yenye tindikali tofauti, huzaa umeme unaoweza kusomwa. Max Cremer alikuwa amekwisha kuiona dalili hiyo mwaka 1906. Umeme wenyewe ulikuwa dhaifu mno kwa vyombo vya wakati ule. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1934, huko California, ambapo Arnold Beckman alimtengenezea rafiki yake, aliyekuwa akifanya kazi na wakulima wa matunda, kifaa cha kuukuza umeme huo kwa vali za redio. Tatizo la rafiki huyo lilikuwa kupima ukali wa maji ya malimau.

Bia na malimau. Vyote ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvigusa kwa mkono, na elektrodi ya kioo imebaki na tabia za nyumba ilimozaliwa. Ikipita nyuzi joto 130 hivi huanza kuliwa na mmumunyo inaoupima. Wenzetu wa Likasi na Kolwezi, wanaoyeyusha shaba na kobalti katika matangi ambayo hayajafungwa, wanaweza kuitumia kila siku. Anayechenjua kwa nyuzi 250 hawezi.

Na hata kioo kingevumilia, namba yenyewe ingetudanganya. Tulifundishwa kwamba maji safi yana pH ya 7. Hilo ni kweli yakiwa katika nyuzi 25. Maji yaleyale, yakifikishwa nyuzi 250 chini ya shinikizo, yana pH ya 5.6 hivi, ingawa bado hayana tindikali wala alikali. Hakuna aliyeyatia kitu. Joto limeisogeza sifuri ya mizani. Kwa hiyo mtu anayesema pH ya mtungi ni kadhaa, lazima aulizwe: ya joto gani?

Hayo yalipata uzito wa kiuchumi huko Moa, mji wa pwani ya kaskazini-mashariki mwa Cuba. Udongo mwekundu wa Moa una nikeli kiasi cha asilimia 1.3, kobalti kidogo zaidi, na chuma tele. Kampuni ya Marekani iitwayo Freeport Sulphur ilijenga pale kiwanda cha kwanza duniani cha kuchenjua udongo wa namna hiyo kwa tindikali ya salfa chini ya shinikizo kubwa, nacho kikaanza kazi mwaka 1959. Jina la kampuni linaeleza mengi: walikuwa wauza salfa, na hapa walikuwa wamepata mlaji wa salfa yao. Tope la udongo lilipashwa kwa mvuke hadi karibu nyuzi 250 ndani ya mitungi mirefu ya chuma iliyotandikwa risasi na matofali yasiyoliwa na tindikali. Kisha tindikali ikaingizwa, kiasi cha robo tani kwa kila tani ya udongo mkavu.

Werevu wa mpango huo ulikuwa katika kuirudisha tindikali kazini. Chuma na alumini huyeyuka pamoja na nikeli, lakini kwa joto lile hugeuka tena kuwa yabisi na kuiachia tindikali iliyoviyeyusha, ambayo huendelea kushambulia udongo uliobaki. Nikeli na kobalti hubaki majini. Ni kama mtaji mdogo unaozungushwa mara nyingi kwa siku moja, na kama ilivyo kwa mtaji, kila kitu kinategemea kiasi. Tindikali ikipungua, nikeli inabaki katika tope na kutupwa. Ikizidi, inatafuna mabomba na vali, inaacha chuma na alumini majini, na kila lita ya ziada lazima izimwe baadaye kwa mawe ya chokaa yanayogharimu fedha.

Sasa, kiasi hicho kilijulikanaje? Kwa njia ileile iliyotumika katika viwanda vya namna hiyo, na inayotumika hadi leo kwa sehemu kubwa. Sampuli hutolewa, hupozwa, hupelekwa maabara, na mtaalamu huidondoshea alikali tone kwa tone hadi tindikali yote iishe. Kutokana na matone hayo anaandika: gramu 30 kwa lita, au 50. Namba hiyo ndiyo inayomwongoza mwendeshaji wa mtungi. Inaonekana safi, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza si kubwa: chuma na alumini zilizomo majini nazo hula alikali, hivyo zikahesabiwa kimakosa kuwa tindikali. Wakemia waliipatia dawa, yaani kutia kwanza kitu cha kuzifunga metali hizo, kama oksaleti. Ya pili haina dawa ya maabara, nayo nitaieleza baada ya kumaliza habari za kisiasa, kwa sababu waliokuwa Moa nao waliipata baadaye.

Mwaka 1960, katikati ya ugomvi wa Havana na Washington, kiwanda kilitaifishwa na Wamarekani wakaondoka. Ndugu zangu wanaharakati hupenda sana sehemu hii, nami siwalaumu. Mhandisi Mcuba, Demetrio Presilla, alibaki. Aliifahamu Nicaro, kiwanda kingine cha nikeli katika pwani hiyohiyo, lakini Nicaro walichenjua kwa amonia, si kwa tindikali. Hata hivyo yeye na wenzake walikifufua kiwanda cha Moa, wakisaidiwa na Wasovieti, siku ambazo Ernesto Guevara alikuwa waziri wa viwanda. Ni Guevara huyohuyo aliyepita Dar es Salaam na Kigoma mwaka 1965 kwenda Kongo akiwa na jina la Kiswahili, Tatu. Watu wa huku tunamkumbuka kwa bunduki. Sehemu kubwa ya kazi yake serikalini ilikuwa vipuri, vyuma vya mashine na wahandisi waliokimbia.

Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki darasani kama ushindi. Siku hizi nasita. Kilichotoka Moa hakikuwa nikeli safi. Kilikuwa mchanganyiko wa nikeli na kobalti uliofungamana na salfa, na kiwanda cha kuusafisha kilikuwa kimejengwa Louisiana. Lango hilo lilipofungwa, mchanganyiko ule ukapelekwa kwa Wasovieti. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, Cuba ikaingia ubia na kampuni ya Sherritt ya Kanada mwaka 1994, na mzigo ukawa unavuka bahari kwenda Fort Saskatchewan, Alberta. Unaweza kuitaifisha mitungi kwa amri ya siku moja. Hatua inayofuata ya uzalishaji, ikiwa imejengwa katika nchi nyingine, haitaifishwi. Msomaji anayekumbuka makontena yetu 277 ataelewa kwa nini jambo hilo linanigusa.

Turudi kwenye kasoro ya pili. Waliokuja kuieleza kwa namba hawakuwa wachenjuaji. Katika maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Wamarekani walikuwa wamejaribu kujenga vinu vya nyuklia ambavyo urani yake imeyeyushwa ndani ya maji kama salfeti. Ili vinu hivyo visijitafune, ilibidi kujua tindikali ya salfa inafanyaje katika maji ya moto sana. (Oak Ridge ndiko urani ilikorutubishwa wakati wa vita, na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Sayansi ya nchi tajiri mara nyingi ina mchanga wetu chini ya msingi wake.) Mwaka 1966 William Marshall na Ernest Jones walichapisha vipimo vilivyofika hadi nyuzi 350. Hawakutumia elektrodi yoyote. Walipima kiasi cha salfeti ya kalsiamu, ndugu wa jasi tunayoijua, kinachoyeyuka katika tindikali ya moto, na kutokana na hapo wakakokotoa kilichokuwa kikitokea.

Walichokiona ni hiki. Kila molekuli ya tindikali ya salfa ina haidrojeni mbili. Ya kwanza huachia mara moja. Ya pili, maji yakiwa baridi, huachia kwa kiasi. Maji yakipata moto, hung'ang'ania. Kufikia nyuzi 250, mwelekeo wake wa kuachia umeshuka kwa kadiri ya mara elfu moja ukilinganisha na nyuzi 25. Maana yake, kwa lugha ya sokoni, ni kwamba tindikali uliyoilipia shilingi mia inafanya kazi ya shilingi hamsini hivi ndani ya mtungi. Ukiitoa sampuli ikapoa, haidrojeni ya pili inaachia tena, na maabara inakuhesabia mia. Mtaalamu wa maabara hajakosea hata tone moja. Amepima kwa uaminifu hali ambayo mtungini haipo.

Udongo ukiwa na magnesiamu nyingi mambo huharibika zaidi. Kwamba magnesiamu hula tindikali, hilo lilijulikana. Lakini hata baada ya kula, salfeti yake iliyobaki majini huzinasa ioni za haidrojeni zilizokuwa huru. Ndiyo maana viwanda viwili vinaweza kuandika namba ileile ya maabara, huku kimoja kikiwa na tindikali ya kutosha mtungini na kingine kikiwa na njaa. Udongo wa Moa una magnesiamu kidogo. Walibahatika, na bahati hiyo ikafanana na utaalamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Australia Magharibi ilipofungua viwanda vitatu kwa mpigo, Murrin Murrin, Cawse na Bulong, wengi walidhani ujuzi wa Moa ungehamishika kama mashine. Cawse na Bulong vilikufa. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo vali, mabomba na madeni, na nisingependa kuitwika kemia mzigo wote. Lakini ni katika miaka hiyo ambapo Vladimiros Papangelakis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walisisitiza kwamba kinachopaswa kudhibitiwa ni tindikali ya ndani, katika joto la ndani, na wakajenga hesabu za kuitafsiri namba ya maabara kuwa namba ya mtungi.

Je, hakuna elektrodi inayoweza kuingia mtungini? Ipo. Mwaka 1980 Leonard Niedrach wa General Electric alieleza juu ya kipimo ambacho utando wake si kioo, bali kauri ya zirkonia iliyochanganywa na itria. Alikusudia maji ya moto ya vinu vya umeme. Watafiti wa uchenjuaji waliichukua, wakaijaribu katika mimumunyo ya tindikali hadi nyuzi 250, na ikasoma. Lakini mtungi wa kiwandani una tope linalokwaruza, na kauri huvunjika. Kwa hiyo chombo hicho kimetumika zaidi maabara, kikihakiki zile hesabu. Mwendeshaji wa zamu bado anapewa sampuli iliyopoa na hesabu.

Hapa ndipo swali la yule binti linapogeuka kuwa la kisiasa. Namba inayouendesha mtungi ina sehemu mbili: matone ya alikali, ambayo msichana yeyote mwenye stashahada ya maabara kutoka Shinyanga anaweza kuyahesabu, na hesabu ya kuyatafsiri, ambayo ina mwenyewe. Mwenye hesabu ndiye anayesema leo tumetia tindikali kiasi gani, kwa nini, na nikeli kiasi gani ingepaswa kutoka. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba mrabaha hutozwa kwa thamani ya kinachouzwa. Nikeli iliyobaki kwenye tope kwa sababu tindikali ilikadiriwa vibaya haitozwi kitu. Na anayetaka kuhoji kwa nini imebaki nyingi, bila kuwa na hesabu ile, atajibiwa kwa karatasi za maabara ambazo kila tarakimu yake ni sahihi.

Nitahadhari nisiwapotoshe: Kabanga si Moa. Madini yake si udongo mwekundu bali yamefungamana na salfa tangu ardhini, na yakikutana na oksijeni chini ya shinikizo, yenyewe huzaa tindikali. Kipimo kinakuwa kigumu kwa namna nyingine, maana kinachopimwa kinazaliwa na kuliwa kwa wakati mmoja. Mfano ulio karibu zaidi ni Kanada. Nikeli ya Voisey's Bay, nayo ikiwa ya salfa, iligunduliwa mwaka 1993, na serikali ya jimbo la Newfoundland na Labrador ikashikilia kwamba isafishwe ndani ya jimbo. Mabishano yalidumu miaka hadi makubaliano ya 2002. Uchimbaji ulianza 2005, huku makinikia yakiruhusiwa kutoka kwa muda. Wakati huohuo, huko Argentia, kikajengwa kiwanda kidogo cha majaribio kilichofanya kazi kuanzia 2005 hadi 2008, madini yaleyale yakichenjuliwa kwa njia ileile kwa kiwango kidogo. Kiwanda kikubwa cha Long Harbour kilitoa nikeli yake ya kwanza mwaka 2014.

Hapo pana miaka 21 kutoka ugunduzi hadi nikeli safi, katika nchi tajiri yenye wahandisi wengi. Mwanasiasa wetu akiisikia hesabu hiyo atauona ucheleweshaji. Mimi naiona ile miaka mitatu ya Argentia, ambapo makosa yalifanywa katika chombo kidogo, mbele ya watu wa jimbo lile. Huko ndiko hesabu ya kutafsiri hutengenezwa, na aliyekuwepo inapotengenezwa hahitaji kuombwa aamini.

Juma lililopita niliwapa wanafunzi zoezi: kila mmoja aandike swali moja ambalo angependa mbunge wake aliulize juu ya kiwanda cha Kahama. Wengi walirudi kwenye asilimia 16. Yule binti aliandika: sampuli zitapozwa katika maabara ya nani, na hesabu ya kuirudisha namba kwenye joto la mtungi itakuwa mikononi mwa nani? Nilimpa alama nane kwa kumi. Mbili nilizipunguza kwa sababu hakuuliza nani atapima tope linalotupwa.